Kanda ya harusi yako inaoza, wewe unangoja nini?

Mpenzi msomaji, nikuulize swali moja, na unijibu kwa ukweli hata kama uko ndani ya daladala na jirani yako anachungulia gazeti lako bila kuchangia. Ule mkanda wa harusi yako uko wapi? Sisemi picha, picha najua zimo kwenye albamu. Nasema ule mkanda mweusi wa video, wenye karatasi ubavuni iliyoandikwa kwa wino majina yenu wawili na tarehe. Uko juu ya kabati? Uko chini ya kitanda? Au ulimwazima shemeji yako mwaka 1996 na mpaka leo wimbo wake ni ule ule, "nitauleta Jumapili"?

Kama hukupigwa video, basi tuzungumzie kaseti. Nyumba nyingi za mjini bado zina boksi la viatu lililojaa kaseti ambazo hakuna anayezisikiliza na hakuna mwenye moyo wa kuzitupa. Humo utamkuta Mbaraka Mwinshehe, utamkuta Marijani Rajab, utakuta taarabu, kwaya, mawaidha na muziki wa Kikongo wa kutosha. Halafu chini kabisa kuna kaseti moja ambayo juu haikuandikwa kitu. Hiyo ndiyo yenye mali. Hiyo ndiyo ina sauti ya bibi akisimulia hadithi, au ya baba akimfokea mtoto asiguse redio.

Habari mbaya ni kwamba hizo zote zinakufa. Hazifi kwa kishindo, zinakufa taratibu kama nazi inayooza ndani huku kifuu kizima. Na dawa ya kuziokoa ni kile kile tulichozoea kukiita wizi, yaani kunakili. Leo nataka tuliongee hilo kiutu uzima. Kunakili kumewaibia wanamuziki wetu, siyo siri. Lakini kunakili huko huko ndiko kulikofanya tusiwasahau. Yote mawili ni kweli, na anayeshika moja akaacha jingine anajidanganya.

Kidole kwenye kitufe

Vijana wa leo hawaijui raha ya kuvizia wimbo. Kaseti hii ndogo tunayoifahamu ililetwa na kampuni ya Philips mwaka 1963, lakini huku kwetu ilikuja kupamba moto miaka ya sabini na themanini. Unakaa mbele ya redio kaseti, RTD wanapiga muziki, vidole viwili viko juu ya vitufe, roho mkononi. Mtangazaji akitaja tu jina la bendi, unabonyeza. Akiropoka katikati ya gitaa la solo, unamlaani yeye na ukoo wake. Ndiyo maana kaseti nyingi za enzi hizo zina nyimbo zisizo na mwanzo, na mwisho wake una nusu ya sentensi ya mtangazaji.

Wala hatukuwa na njia nyingi. Bendi zetu zilirekodi RTD, na RTD ilirekodi ili ipige hewani. Santuri zilifyatuliwa Nairobi. Mpaka wa Kenya ulipofungwa Februari 1977, ukaja kufunguliwa 1983, njia hiyo nayo ikawa ya kuzunguka mbuyu. Sasa mtu aliyeupenda wimbo angeununua wapi? Ndipo wakaibuka jamaa wenye deki mbili za kaseti na biashara moja, kudabu. Unapeleka kaseti tupu, unaandika orodha ya nyimbo kwenye karatasi ya daftari, unaambiwa rudi kesho. Mwenye duka kapata, mwenye kaseti kapata. Mwenye wimbo yuko jukwaani anatoka jasho, hana hata habari.

Na siyo sisi tu. Mwaka 1981 chama cha makampuni ya muziki cha Uingereza kilianzisha kampeni ya kuwaambia wananchi kwamba kurekodi nyumbani kunaua muziki. Bwana wee, muziki haukufa. Ulizidi kunenepa. Waliokonda ni wanamuziki. Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari kule Mombasa Januari 1979. Marijani alifariki 1995. Nyimbo zao mpaka leo zikipigwa ukumbini watu wazima wanaacha sahani za pilau na kuinuka. Jiulize, katika kaseti zote za hao mabwana ulizowahi kuwa nazo, ni ngapi zilizofikisha walau senti kwa aliyetunga?

Namba hazichoki

Kaseti ilikuwa na adabu yake moja, ilimfunga mnakili kamba fupi. Nakala ya kwanza ilikuwa nzuri. Nakala ya nakala ilikuwa na ukungu kidogo. Nakala ya nakala ya nakala, unasikia shhhh kama mtu anakaanga samaki nyuma ya bendi, na mwimbaji yuko ndani ya pipa. Sababu yake ni rahisi. Sauti kwenye kaseti imeshikwa na chembechembe za sumaku zilizopakwa juu ya utepe wa plastiki. Ukinakili, unabeba sauti pamoja na makelele ya utepe wa kwanza, halafu unaongeza na makelele ya utepe wa pili. Ufike wa tano, umebaki na makelele yanayoimba.

Dijitali ikaja kuikata hiyo kamba. CD ilipoingia sokoni kule Japani mwaka 1982, sauti ilikuwa imegeuzwa namba. Inapimwa mara 44,100 kwa kila sekunde moja, na kila kipimo kinaandikwa. Na namba, msomaji wangu, hazichoki. Ukinakili 7 inabaki 7, hata kwenye nakala ya elfu moja. Tatizo lilikuwa uzito. Dakika moja tu ya sauti ya CD inakula megabaiti kama 10, na kompyuta za wakati ule zilikuwa na tumbo dogo.

Wajerumani wa taasisi ya Fraunhofer kule Erlangen, akiwemo Karlheinz Brandenburg, wakautumia uvivu wa sikio la binadamu. Ngoma kubwa ikilia, sauti ndogo iliyo jirani yake huisikii. Sasa ya nini kuitunza? Itupwe. Brandenburg aliujaribu ujanja wake kwa wimbo wa Mmarekani Suzanne Vega uitwao "Tom's Diner", anaouimba peke yake bila ala, maana sauti tupu ya mtu haifichi kasoro. Julai 1995 wakakubaliana faili la namna hiyo liitwe mp3. Wimbo uliokula megabaiti 60 sasa ukaridhika na 6.

Hapo ndipo kasheshe lilipoanza. Napster ilifunguliwa Marekani 1999, watu wakawa wanabadilishana nyimbo bure kama vile hazina mwenyewe. Mwaka 2001 mahakama ikaifunga, lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Huku kwetu tukaingia zama za kuchoma CD, kisha zama za kibao cha "hapa tunaingiza nyimbo". Unamkuta kijana na kompyuta yake kibarazani, unampa memori kadi na hela ya soda, anakumwagia nyimbo mia tano, zikiwemo ambazo hukuziomba. Flashi moja ya gigabaiti 32 inameza muziki wa kaseti 500 na ushee za saa moja moja. Babu yako angehitaji chumba kizima cha kuzipanga. Wewe unaining'iniza kwenye funguo za geti.

Harusi ambayo hatukualikwa

Nisikuchoshe na historia, nikupe la nyumbani.

Siku moja mama yangu mdogo alinijia na mfuko. Ndani mlikuwa na mikanda miwili ya video na kaseti tano. Mkanda mmoja ulikuwa wa harusi ya binti yake mkubwa, ya miaka ile ambayo Bara hatukuwa hata na kituo cha televisheni. Vijana msicheke. Zanzibar walikuwa na televisheni yao tangu miaka ya sabini, sisi Bara tukasubiri mpaka 1994. Watu walinunua seti na deki ili waangalie mikanda tu, na mkanda wa harusi ulizunguka mtaani nyumba hadi nyumba kama kinu cha kuazima.

Kaseti nazo, mbili zilikuwa barua. Marehemu baba mdogo alikwenda Muscat kutafuta maisha miaka ya themanini. Kalamu ilikuwa inamshinda, kwa hiyo alikuwa anajirekodi, kisha anampa kaseti mtu anayerudi nyumbani. Watu wengi wa Visiwani na wa mwambao wanaijua hiyo posta. Mama mdogo alikuwa na ombi dogo tu, wajukuu waisikie sauti ya babu yao.

Kabla hajaja kwangu alikuwa amepitisha ule mkanda wa harusi kwenye duka moja la mjini linalobadilisha mikanda, jina tulihifadhi. Wakampa DVD. Tukaiweka. Salaale! Kwanza, picha ilikuwa imevutwa. Video za zamani zina umbo la 4 kwa 3, linakaribia mraba, na televisheni za sasa ni ndefu, 16 kwa 9. Fundi aliona pembeni pamebaki weusi, akaivuta picha ijaze kioo. Bi harusi aliyekuwa mwembamba kama mlingoti akawa bonge la mama. Pili, sauti yote ya ukumbini ilikuwa imefutwa, vigelegele, ngoma, hotuba za wazee, pakawekwa wimbo wa kisasa unaojirudia mwanzo mpaka mwisho. Tatu, chini ya picha inapita namba ya simu ya duka, muda wote, hata pale wazee wanapoomba dua.

Mama mdogo alitazama kimya. Kisha akasema, "Mwanangu, hii harusi mimi sikualikwa."

Tukarudi dukani. Kijana tulimkuta, na adabu zake tele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Nimekuja kuulizia hotuba ya kaka yangu. Imekwenda wapi?"

"Ile ilikuwa na makelele sana mama, nikaitoa. Si nimekuwekea muziki mzuri?"

Makelele! Nikamwangalia mama mdogo, akaniangalia. Hayo makelele ndiyo watu wenyewe, na nusu yao sasa hivi wako makaburini. Akachukua mkanda wake, akashukuru, tukaondoka.

Basi tukaifanya kazi wenyewe. Deki niliiazima kwa jirani, na uelewe kwamba deki nazo siku hizi ni za kutafutwa kwa tochi. Kampuni ya mwisho duniani kutengeneza deki za VHS, Funai ya Japani, iliacha kazi hiyo Julai 2016. Tukaiunganisha na kompyuta kwa kidude cha kuchomeka, tukabonyeza. Mkanda wa saa tatu unachukua saa tatu, hakuna cha mkato. Mama mdogo alikaa hapo hapo saa zote tatu akitaja watu, huyu yuko Tanga, huyu alikufa mwaka wa mafuriko, huyu mwenye suti ndiye aliyekula hela za kamati.

Zikafuata kaseti. Hapo kazi ni rahisi zaidi, unachomeka waya kutoka tundu la hedifoni la redio kaseti hadi kwenye kompyuta, unafungua programu ya bure iitwayo Audacity, unaanza. Kaseti tatu zilikuwa za muziki tu. Ya nne, ikatoka sauti ya baba mdogo. Anakohoa, anatoa salamu, anauliza hali. Dakika mbili. Halafu ghafla, mpira! Simba na Yanga, mtangazaji anapiga ukelele, uwanja unalipuka. Mtoto mmoja wa nyumba hiyo, miaka hiyo, alihitaji kaseti ya kurekodia mechi.

Hapo hakuna programu duniani itakayokusaidia. Kilichorekodiwa juu kimefuta cha chini, basi. Sote tukanyamaza. Mama mdogo akacheka kidogo, akasema, "Alikuwa Yanga huyo. Angesamehe."

Ya tano ilikuwa nzima. Anawasalimia watoto mmoja mmoja. Anamuuliza mkewe kama paa la uani bado linavuja. Anaahidi kurudi kabla ya Idi. Nyuma yake kuna feni inanguruma na mtu mwingine anaosha vyombo. Binamu yangu mkubwa, mtu mwenye mvi zake, alisikia akiitwa kwa jina la utoto ambalo siku hizi hakuna anayemwita. Akatoka nje, hakurudi mpaka chai ilipoiva.

Sasa kwa nini hii ilipona na ile haikupona? Niliigeuza nikaitazama mgongoni. Wakubwa mnakumbuka, mgongo wa kaseti una vijimeno viwili vya plastiki, kimoja kwa kila upande. Ukikivunja, redio haikubali kurekodi juu yake. Vyote viwili vilikuwa vimevunjwa.

"Nilivitoa kwa kisu cha jikoni siku ile ile ilipofika," mama mdogo akasema. "Ile nyingine ilinikuta nina wageni."

Pakacha na maembe

Najua wapo watakaouliza, sasa haya mambo ya kubadilisha video ni nini hasa? Mara MP4, mara AVI, mara MKV, na simu inakwambia "haiwezi kufunguka". Usiogope. Hayo majina matatu ni mapakacha. Kilichomo ndani ya pakacha ndiyo maembe, yaani picha na sauti zilizobanwa kwa mtindo fulani. Embe linalopatikana zaidi ndani ya MP4 linaitwa H.264, lilitoka mwaka 2003. Wakati mwingine simu inakataa video siyo kwa sababu embe ni bovu, ni kwa sababu hailijui pakacha.

Hapo programu nzuri inahamisha maembe kutoka pakacha hili kwenda lile bila kuyamenya. Inachukua dakika chache na hakuna kinachopotea. Lakini fundi mwenye haraka yeye hajui habari hiyo. Kila faili linalomfikia analimenya, analisaga, anapaki upya. Na kila ukisaga, kuna kitu kinabaki kwenye kinu. Ndiyo maana nilisema namba hazichoki zikinakiliwa, lakini zikibanwa upya mara kwa mara, ndugu yangu, zinachoka kuliko hata kaseti. Video iliyopita kwenye simu sita inafika kwako kama imepigwa kupitia chandarua.

Kwa hiyo usidanganywe na mtu anayekwambia atakubadilishia mp3 yako ya 128 iwe ya 320 ili ilie vizuri. Faili litanenepa, sauti itabaki ile ile. Kilichotupwa Erlangen hakirudi Kariakoo. Na ukitaka kumtumia ndugu yako video nzuri kwa WhatsApp, itume kama dokumenti, siyo kama video, maana ukiituma kama video inabanwa njiani.

Programu zenyewe wala siyo za kununua. VLC, iliyoanzia kwa wanafunzi wa chuo kimoja cha ufundi Ufaransa, inafungua karibu kila kitu. HandBrake inabadilisha video kwa wasiopenda kuumiza kichwa. Na chini ya programu nyingi za namna hii kuna mashine moja iitwayo FFmpeg, aliyoianzisha Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2000 na inayotolewa bure mpaka leo. Tahadhari ni moja, zichukue kwa wenyewe. Ukitafuta ovyo mtandaoni utakutana na "kibadilishaji cha bure" kinachokubadilishia na kompyuta yenyewe.

Basi mwizi ni nani?

Sheria tunayo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya 1999, ndiyo iliyoleta COSOTA, na inasema kazi ya mtunzi inalindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kwa hesabu hiyo tungo za Mbaraka, aliyefariki 1979, zina mwenyewe mpaka mwisho wa 2029. Siyo mali ya mjini, siyo mali ya mwenye flashi.

Mimi naigawa hivi. Sauti ya babu yako ni yako. Inakili, igawe kwa wajukuu mpaka walioko Canada, hakuna wa kukuuliza. Wimbo wa msanii aliye hai, au ambaye warithi wake wapo, una mwenye nao. Kile kisingizio cha "sina pa kuununua" kilikuwa cha kweli mwaka 1978. Leo Boomplay ipo, Spotify imefika Tanzania tangu Februari 2021, na msanii mwenyewe anaimba ukumbini kila wikiendi. Kweli, wasanii wanalalamika kwamba mitandao inalipa kiduchu. Lakini kiduchu ni kikubwa kuliko sifuri anayopata kwa kijana wa memori kadi.

Linabaki kundi la tatu, na hili ndilo linaloniuma. Kuna nyimbo za bendi zetu za zamani ambazo huzioni dukani wala mtandaoni, na aliyebaki nazo ni mzee mmoja wa Temeke aliyezivizia kwa redio kaseti yake mwaka 1976. Mzee huyo utamwita mwizi? Mimi namwita mtunza hazina. Lakini hazina ya watu. Kama ni wewe, usiitupe na usiigeuze duka. Inakili vizuri, mtafute mwanamuziki aliyebaki au watoto wake, uwapelekee nakala kabla hujampa mtu mwingine. Wapo watoto wa wanamuziki ambao hawana hata wimbo mmoja wa baba yao.

Fanya hivi Jumamosi

Toa boksi uvunguni. Kaseti au mkanda ukiuona una ukungu mweupe juu ya utepe, usiutie kwenye deki. Utachafua vichwa vya deki na kuuambukiza utakaofuata. Huo mpelekee fundi anayejua kusafisha. Uliokauka vizuri, upeleke mbele mpaka mwisho na uurudishe, utepe uliogandamana uachane taratibu. Kaseti za dakika 120 zishike kama mayai, utepe wake ni mwembamba sana na deki inazipenda kuzila. Kaseti iliyolegea izungushe kwa penseli kama zamani.

Ukirekodi, hifadhi kwanza faili kubwa lisilobanwa, WAV au FLAC. Hilo ndilo mama. Mp3 za kugawa zizae kutoka kwake. Andika jina la faili kama mtu mwenye akili: nani anaongea, wapi, mwaka gani. "Track 01" haitamsaidia mjukuu wako. Weka nakala mbili katika nyumba mbili, maana flashi inakufa bila kuaga na CD ya kuchoma nayo inafifia. Na kanda yenyewe usiitupe, huenda kesho ikapatikana mashine nzuri kuliko ya leo.

Ukiamua kupeleka dukani, mpe fundi masharti matatu kabla hujampa hela. Usivute picha. Usiguse sauti. Usiweke namba yako ya simu. Akisema haiwezekani, beba mkanda wako uondoke, mji huu una mafundi wengi.

Na kama Jumamosi unaona mbali, kazi zimekubana, basi leo usiku fanya moja tu. Ichukue ile kaseti isiyoandikwa kitu, ivunje vijimeno vyake. Watoto wapo, na Simba na Yanga bado wanacheza.